Wagonjwa Wanapokaa na Wataalamu Kugawa Fedha za Utafiti

Mtu akikimbizwa hospitali kwa maumivu ya kidole tumbo, hutaka kujua mapema kama kupasuliwa kunaepukika. Akiambiwa hakuepukiki, huuliza atarudi lini kazini na nani atamuuguza nyumbani.

Marekani ipo taasisi inayotaka maswali ya aina hiyo yawe kiini cha utafiti inaougharamia. Inaitwa PCORI. Makao yake ni Washington, na ilianzishwa na sheria ya afya iliyosainiwa na Rais Barack Obama mwaka 2010. Sehemu ya fedha zake hutokana na tozo zinazolipwa na kampuni za bima.

Utafiti wa CODA, uliogharamiwa nayo, unaonyesha vizuri kazi yake. Ukiongozwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, ulihusisha watu wazima 1,552 wenye ugonjwa wa kidole tumbo katika hospitali 25. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapasuliwa, wengine wakapewa antibiotiki. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa baada ya siku 30, waliotumia dawa hawakuwa na hali duni kuliko waliopasuliwa. Hata hivyo, hadi kufikia siku 90, takriban 3 kati ya kila 10 wa kundi la dawa walikuwa wamelazimika kupasuliwa. Mama anayenyonyesha anaweza kuziona takwimu hizo akachagua dawa. Msafiri wa mbali akaona heri apasuliwe yaishe. Wote wawili watakuwa wameamua kwa kujua.

Wanaoruhusiwa kuomba fedha za PCORI ni vyuo vikuu, hospitali, mashirika ya utafiti na idara za serikali, yawe ya kibiashara au la. Mtu binafsi hapewi. Taasisi ya nje ya Marekani inaweza kuomba ikithibitisha kwamba mfumo wa afya wa nchi hiyo utanufaika, sharti linaloufanya mlango uwe mwembamba kwa watafiti wa Dar es Salaam au Nairobi.

Ombi lenyewe hulinganisha njia za matibabu ambazo mgonjwa anaweza kweli kuchagua, na huonyesha wagonjwa walivyoshirikishwa. Kisha, na hili ni zito kuliko yote, wagonjwa na wauguzaji wao hukaa pamoja na wanasayansi kuyapitia maombi na kuyapa alama.

Sheria inaikataza PCORI kuweka ukomo wa gharama kwa kipimo kinachoshusha thamani ya uhai wa mtu kwa sababu ya ulemavu wake. Mwaka 2019 Bunge la Marekani liliiongezea ufadhili wa miaka 10, likataja vifo vya uzazi na ulemavu wa akili kuwa vipaumbele. Liliagiza pia utafiti uangalie, pale inapofaa, fedha zinazomtoka mgonjwa mfukoni, siku za kazi anazopoteza na mzigo unaowaangukia ndugu wanaomuuguza.