Kuingia Ndani ya Injili: Sehemu ya Pili, Chomboni mwa Simoni

Katika sehemu ya kwanza tulisema kwamba kuyasoma Maandiko kwa ibada ni kazi nyingine kabisa na kuyasoma kwa ajili ya mtihani. Leo yatupasa kuieleza ile njia ambayo msomaji hukiingia kisa kwa taamuli, akasimama waliposimama watu wake, akasikia waliyoyasikia, hata mwisho akajiona naye ameulizwa jambo.

Njia hii ina nasaba ndefu. Mwaka 1521 askari mmoja Mhispania, Inyasi wa Loyola, alivunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona; naye alipokuwa amelazwa nyumbani kwao, kwa kukosa hadithi za mashujaa alizozipenda, akapewa kitabu cha maisha ya Kristo kilichotungwa na mtawa Ludolph wa Saxony, ambaye humhimiza msomaji ayatazame matendo ya Bwana kana kwamba yatendeka mbele ya macho yake. Yaliyomfaa Inyasi aliyaandika yawafae na wengine, na kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kikapata idhini ya Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548. Humo humtaka mwenye kutafakari kuzaliwa kwa Yesu aiwaze kwanza njia itokayo Nazareti, urefu wake na upana wake, kama ni tambarare au yapita mabondeni. Kisha ajihesabu kuwa mtumishi mdogo aliye pale pale, akiwatazama Mariamu na Yusufu na kuwahudumia.

Wasomaji wa Kigoma na Ujiji wasidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Wamisionari wa Afrika, walioitwa Mapadre Weupe kwa ajili ya mavazi yao, walifika Ujiji mwaka 1879, baada ya wale wa London Missionary Society waliotangulia mwaka 1878. Na shirika lao, lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, lilimkabidhi Mjesuiti, yaani mfuasi wa Inyasi, malezi ya wanovisi wake wa kwanza. Basi taamuli hii ilifika ufuoni kwetu zamani, nami naona ni hasara kubwa kwamba waumini wengi hawajaijua, maana sidhani kama kuna watu wanaoweza kuitumia kwa wepesi kuliko watu wa ziwa.

Chukua sura ya tano ya Luka. Simoni amekesha usiku kucha na hakupata kitu. Msomaji wa bara kavu huyapita maneno hayo upesi, lakini mtu wa Kibirizi au Katonga aujua mkesha huo: awajua wavuvi wa dagaa watokao jua likizama, wakawasha taa juu ya maji meusi na kungoja samaki wapande kuifuata nuru; ajua kwamba mbalamwezi ikiwa pevu kazi husimama, kwa kuwa nuru ya mbinguni huishinda ya chomboni. Aijua mikono iliyochunwa na kamba, na baridi ya alfajiri ndani ya nguo zilizolowa, na deni la mafuta, na wachuuzi waliosimama ufuoni na mabeseni matupu. Sasa ndani ya uchovu huo, nyavu zikioshwa, aja mtu aliyelelewa katika nyumba ya seremala, aomba aazimwe chombo apate kuwafundisha watu, na akiisha kufundisha amwamuru mvuvi arudi kilindini mchana kweupe. Hapo usikimbie. Jiulize umekaa wapi: tezini karibu na Simoni, au katika chombo cha pili, pamoja na wale waliopungiwa mikono waje kusaidia?

Lakini taamuli ina sharti lake, nalo ni kutii andiko. Luka hataji taa, basi karabai zetu tusizipakie chomboni mwa Simoni. Wala tusilikuze ziwa lake: lile la Galilaya halipiti sana kilomita 21 kwa urefu na mita 43 kwa kina, ilhali letu la Tanganyika lafika kilomita 670 na kina chake chapita mita 1,400. Chombo cha zama zile kilichofukuliwa katika tope la Ginosar, ufuoni pa ziwa hilo la Galilaya, mwaka 1986 kina urefu wa mita nane na upana unaozidi kidogo mbili. Ndipo tunapofahamu jinsi watu wale walivyobanana, samaki wakiwajaa miguuni na maji yakikaribia kuingia.

Wako wacha Mungu waiogopao njia hii, wakisema kwamba mawazo ya binadamu yatazua yasiyoandikwa. Hofu yao ni ya haki, na yeyote atokaye katika taamuli na amri mpya au ahadi mpya amepotea. Hata hivyo, yule Yesu wa kalenda, mwenye nywele zilizochanwa na kanzu isiyo na jasho, ni mawazo ya binadamu vile vile, nasi tumempokea ukutani bila kumhoji.

Kabla ya sehemu ya tatu, itakayohusu moto wa makaa katika Yohana 21, nakuomba msomaji usome Luka 5:1–11 mara mbili, kisha ufunge kitabu. Simoni anapoanguka magotini pa Yesu, mwambie Bwana lako nawe, kama rafiki amwambiavyo rafiki, maana ndivyo Inyasi alivyotaka kila taamuli imalizike.