Habari ya Nguo na Amri Zake



Ninyi mliopita njia ya kutoka Same kwa Kisiwani na Gonja hata Ndungu, mwajua ya kuwa Kihurio ni mahali pa joto. Sisi twakaa tambarare, chini ya milima ya Upare. Mtu wa Mamba au wa Vunta hushuka asubuhi amevaa sweta, na akifika kwetu huivua na kuitia mfukoni, akatafuta kivuli. Kwao ni baridi, kwetu ni jua. Wala sijasikia mtu wa mlimani akilaumiwa kwa kuvua sweta yake.

Lakini siku ya ibada mambo hugeuka. Wazee wa kanisa, nami pamoja nao, huketi mbele tumevaa koti na tai, jasho likitutiririka hata kola zikalowa. Nimeuliza sababu yake mara nyingi. Huambiwa ya kuwa waliotutangulia walivaa hivyo. Nao waliotutangulia walijifunza kwa watu waliotoka nchi za theluji, ambako koti lina kazi yake.

Kama jambo hili lingalikuwa la jasho la wazee tu, nisingaliandika.

Miezi kadhaa iliyopita mama mmoja kijana alikuja kanisani na mtoto wake mchanga. Alivaa blauzi na jozi ya kanga, safi, zimefuliwa vema. Moja kiunoni, moja mabegani. Mzee aliyesimama mlangoni akamwambia kwa upole (alikuwa mpole kweli, nisimsingizie), “Binti yangu, kanga ni nguo ya jikoni na ya msibani. Nenda ukavae gauni.” Yule mama akajibu, “Ndiyo, baba,” akageuka akaenda zake. Nilikuwa hatua nne kutoka pale, kitabu mkononi. Nilisikia yote, wala sikusema neno. Juma lililofuata hakuja, wala la pili, wala mwezi uliofuata.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza, amri hii ilizaliwa wapi? Maana amri za nguo hazikushuka mlimani pamoja na mbao za Musa. Kila moja ina baba yake na mwaka wake, na nyingine zaendelea kutembea hali baba yake amekwisha kuzikwa.

Kanga yenyewe ina habari kubwa. Katika karne ya 19, pwani na Unguja, nguo ya mtu ilitangaza cheo chake. Watumwa walivaa merikani, nguo ya pamba isiyotiwa rangi, iliyopewa jina hilo kwa kuwa ililetwa kutoka Marekani; ama walivaa kaniki, nguo iliyotiwa rangi nyeusi ya nili. Mtumwa hakuvaa viatu, wala hakufunika kichwa chake kama mwungwana. Macho ya watu yalisoma nguo kabla ya uso. Hata mwezi wa Aprili mwaka 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba, waliopata uhuru hawakungoja kufundishwa la kufanya. Wanaume wakatafuta kanzu na kofia. Wanawake wakaiacha kaniki, wakanunua kanga zenye rangi na maua, na baadaye wengi wakavaa buibui, vazi ambalo zamani wasingaliruhusiwa kujifunika mfano wake. Bara, utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1922, wakati wa Waingereza.

Basi tazameni. Vazi tulilolikataa mlangoni kwetu, kwa wanawake wale lilikuwa ni kusema mbele ya mji mzima, “Mimi ni mtu huru.” Sisi tumelishusha mpaka jikoni.

Nao makanisa hayakupatana tangu mwanzo katika neno hili. Wamisionari wa UMCA, waliokaa Unguja tangu mwaka 1864, hawakupenda wanafunzi wao waige mavazi ya Ulaya. Waliona kanzu yawafaa zaidi. Penginepo Mkristo aliyevaa kanzu alitazamwa kama mtu aliyeiacha imani, akahimizwa kuvaa shati na suruali. Injili ni moja, na kila upande uliamini ya kuwa walinda heshima. Mtu aliyehama kutoka upande mmoja kwenda wa pili ilimpasa abadili nguo asiyobadili moyo.

Majirani zetu wa Uganda wana habari inayonipendeza. Husimuliwa ya kuwa katika shule ya wasichana ya Gayaza, iliyofunguliwa mwaka 1905, wasichana walikuwa wakijifunga vazi la gome la mti, nalo lililegea walipofanya kazi. Akaitwa fundi cherehani, Mgoa, jina lake Gomes, akawashonea vazi refu lenye mabega yaliyoinuka na mshipi mpana kiunoni. Vazi la shule! Leo ndilo gomesi, na mama wa Kiganda asipolivaa arusini watu humnong'ona. Lililokuwa geni limekuwa la mababu, na hayo yote hayajapita miaka mia na hamsini. Sisi nasi wa Upare, kabla nguo za pamba hazijaenea, wazee wetu walijifunika ngozi. Asemaye “hivi ndivyo tulivyovaa siku zote” na ahesabu vizazi kwa vidole vyake; mkono mmoja watosha.

Wazungu nao wasidhaniwe kuwa na akili zaidi yetu katika jambo hili. Mji wa Paris, katika Ufaransa, ulitoa amri mwaka 1800 ya kwamba mwanamke asivae suruali pasipo ruhusa ya polisi. Baadaye walilegeza kidogo kwa mwanamke aliyeshika baiskeli au hatamu za farasi. Hata mwaka 2013 ndipo waziri mmoja aliposema wazi ya kuwa amri ile haina nguvu tena. Kwa miaka mingi wanawake wa Paris walipita mbele ya polisi na suruali zao, na amri imelala katika vitabu.

Hiyo ni ya kuchekesha. Nyingine si za kuchekesha. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza ya kuwa tangu tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zitapigwa marufuku Dar es Salaam. Walisema walinda utamaduni wa taifa. Lakini kabla siku ile haijafika, makundi ya vijana pale Kariakoo yaliwashambulia wanawake na kuwararulia nguo. Na Nairobi, mwezi Novemba mwaka 2014, wanaume walimvua mwanamke nguo hadharani kituoni mwa magari, kwa madai kwamba hakuvaa kwa heshima. Wanawake wengi wakaandamana barabarani kwa ajili yake. Niambieni, ndugu, ni heshima gani hiyo ilindwayo kwa kumwacha mtu uchi?

Nilipofika hapo katika mawazo yangu, nilimkumbuka Daudi. Mfalme Sauli alimvika mavazi yake ya vita, kofia ya shaba na deraya, naye kwa moyo mwema kabisa. Daudi akajaribu kutembea, akaona hawezi, kwa kuwa hakuzizoea. Akavivua vyote. Hakumtukana mfalme, wala hakusema deraya ni mbaya, ilimfaa Sauli. Yeye alitwaa fimbo yake na kombeo lake. Nimefundisha habari hii tangu nilipoanza kazi, na kila mara nimeifundisha nimevaa koti.

Sisemi ya kuwa nguo haina neno. Uchafu ni uchafu, na majivuno hujificha katika hariri na katika matambara pia. Mwenye kupenda koti na avae koti, likimkaa vema na akalivumilia jua. Lakini kipimo kiwe mwili wa mvaaji, na kazi yake, na hali ya nchi, na mfuko wake. Kisiwe hofu ya macho ya watu waliokwisha kufa.

Jumatatu moja jioni nilikwenda nyumbani kwa yule mama. Alikuwa akipepeta mchele. “Shikamoo, Mwalimu.” “Marahaba, mwanangu.” Akanipa kigoda. Nikamwuliza kwa nini hatumwoni. Akainama kidogo, kisha akasema, “Mwalimu, gauni ninalo moja, la mitumba. Zipu yake i mgongoni. Mtoto akilia katikati ya mahubiri, nifanyeje? Nivue nguo yote mbele ya watu? Kwa kanga namfunika, ananyonya, hakuna anayemwona.”

Nimekaa katika ualimu miaka mingi, wala sikupata kufikiri habari ya zipu. Nikamwomba radhi. Kwa mtu wa umri wangu si jambo jepesi kumwomba radhi mtoto wa watu, lakini nililisema.

Kisha nikaenda kwa mzee wa mlangoni. Tulizungumza mpaka taa ikawashwa. Aliniuliza, “Tukiruhusu kanga leo, kesho watakuja na nini?” Nikamwambia sijui, ila nalijua alilokuja nalo yule binti: alikuja na mtoto. Akanyamaza muda mrefu. Hakuniambia ya kuwa amekubali.

Siku ya ibada iliyofuata yule mama alikuja, na kanga zake zile zile. Mzee alikuwa mlangoni kama kawaida. Akamtazama, akamtazama mtoto, akaenda mwenyewe akamwonyesha benchi lililo karibu na dirisha, penye upepo.

Habari ya koti na tai bado iko mbele ya wazee, nao wamegawanyika. Langu mimi nimelitundika ukutani, na mke wangu asema nondo wamekwisha kulianza begani.