Je, Wajua? Dakika 45 bila msimulizi

Mwaka 1992 Mtanzania Flora M'mbugu-Schelling alitoa *These Hands*, filamu ya dakika 45 inayokwenda bila sauti ya msimulizi. Wanawake, wakimbizi kutoka Msumbiji, wanaponda mawe kwa mikono machimboni nje ya Dar es Salaam. Nyundo inapanda, inashuka. Jiwe linakuwa kokoto. Kamera haina haraka, na hapo ndipo ulipo ufundi wake.

Mwaka 1987 alikuwa ameshatoa *Kumekucha*, nayo ya wanawake na kazi zao.

Mwaka 2021 Mtanzania mwenzake, Seko Shamte, akaongoza filamu ya *Binti*: wanawake wanne, visa vinne.

Sasa ni zamu yako: dada wa Bomang'ombe mwenye simu yenye kamera, warekodi akina mama wanaouza ndizi barabara ya Moshi–Arusha. Anza leo.