Msitu Uliopandwa kwa Mikono

Watalii wengi wanaokwenda kupanda Kilimanjaro hupita vijijini wakiwa ndani ya gari, macho yote yako kileleni, na wanachokiona dirishani ni migomba tu. Kumbe ndani ya migomba hiyo ndimo ilimo kazi kubwa kuliko zote ambazo wenyeji wa mlima huu wamewahi kuzifanya. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliiweka kwenye orodha yake ya mifumo ya urithi wa kilimo yenye umuhimu kwa dunia nzima. Mahali palipochaguliwa ni Shimbwe Juu, kijiji cha Uru katika Wilaya ya Moshi, huko juu ambako mashamba yanakaribia kugusana na msitu wa mlima.

Wachagga, wenyeji wa mlima huu, huliita shamba la namna hii kihamba. Humo mna nyumba, zizi, makaburi ya wazee na mazao, vyote vimezungukwa na uzio wa masale. Si eneo kubwa: utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulikuta wastani wa hekta 0.68, ambazo hazifiki ekari mbili. Ajabu ni jinsi eneo dogo hivyo linavyolimwa kwenda juu.

Ingia ndani, simama chini ya mringaringa, utazame angani. Kwanza kuna matawi yake, pamoja na ya mfuruanje na msesewe, mita 15 na zaidi kutoka ardhini. Chini ya hayo yanatanda majani ya migomba. Chini ya migomba kuna mibuni, na chini ya mibuni magimbi, maharage na mboga. Viazi vikuu navyo vimepanda vikijishikilia kwenye mashina ya miti. Jua linapofika udongoni limekwisha kulisha ngazi nne za mimea. Mwenye kihamba ndiye anayegawa mwanga huo: leo anakata tawi, kesho anapunguza majani ya mgomba ulioufunika mbuni kupita kiasi. Kahawa ya arabika asili yake ni misitu ya nyanda za juu za Ethiopia, na hukua vizuri chini ya kivuli. Kwa hiyo wamisionari walipoleta miche yake mlimani mwishoni mwa karne ya 19, ilikuta makao yake yameshaandaliwa.

Kila mti una kazi. Mfuruanje ni wa jamii ya mikunde, na majani yake yanayodondoka yana naitrojeni nyingi. Magome ya msesewe ndiyo yanayoipa pombe ya mbege uchungu wake. Mringaringa hutoa mbao nzuri za samani. Mgomba nao hautupwi hata kidogo. Mkungu ukishakatwa, shina hupasuliwa vipande. Vingine hulishwa ng'ombe aliyefungiwa zizini, vingine hulazwa juu ya udongo. Shina hilo kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo hulinda unyevu wakati wa kiangazi, na linapooza hurudisha potasiamu, madini ambayo mgomba wenyewe unayapenda mno. Samadi ya ng'ombe huyo hurudi shambani. Ukifukua matandazo kwa vidole unakuta udongo mweusi, laini, umejaa nyungunyungu, na hayo ni kwenye mteremko ambao ungeachwa wazi kwa masika mawili tu ungebaki makorongo.

Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeuchunguza mlima huu kwa miongo kadhaa, alihesabu zaidi ya aina 500 za mimea katika vihamba vya Kilimanjaro, na takriban 400 kati ya hizo hazikupandwa na mtu. Kundi kubwa kati ya hizo ni mimea ya msituni iliyopata hifadhi kwenye vivuli vya migomba. Msitu wa asili wa miinuko ya chini ulikwisha kufyekwa karne nyingi zilizopita, na kwa sehemu kubwa kilichobaki cha kuukumbuka kimo vihambani. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba uhifadhi unaanzia kwenye lango la Hifadhi ya Taifa.

Halafu kuna suala la maji. Imani iliyoenea sana ni kwamba mito ya Kilimanjaro inatokana na barafu ya kilele chake, Kibo. Barafu hiyo kweli inapotea: tangu ramani ya mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake imetoweka. Lakini wanaoishi chini yake hawanywi barafu. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga upande wa kusini wa mlima, hupanda, hupoa, na kumwaga mvua. Mvua hiyo ni nyingi zaidi kwenye mwinuko wa kama mita 2,200, katikati ya msitu, ambako huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Watafiti wamekadiria kuwa asilimia 96 ya maji yanayotoka mlimani chanzo chake ni ukanda wa msitu. Juu zaidi, miti ya erika iliyoota kuvu-mwani mfano wa ndevu hukinga ukungu unaopita na kuugeuza matone, hata siku isiyo na mvua. Moto, mara nyingi unaoachwa na warina asali na majangili, umeteketeza sehemu kubwa ya erika hizo tangu miaka ya 1970. Kwa mkulima wa Shimbwe Juu, moto huo ni hasara kubwa kuliko kuyeyuka kwa barafu, ingawa ni barafu inayopigwa picha.

Maji hayo hushushwa vijijini kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa na koo mbalimbali kabla mzungu yeyote hajakanyaga huko. Banio hujengwa kwenye korongo la juu kwa mawe, magogo na udongo, kisha mfongo hukumbatia ubavu wa mlima ukishuka taratibu. Hapo ndipo penye utaalamu. Mteremko ukiwa mkali, maji hukwangua kingo na kuubomoa mfereji. Ukiwa mdogo mno, mchanga hutuama na kuuziba. Waliochimba hawakuwa na vifaa vya upimaji, na bado baadhi ya mifongo hiyo inapitisha maji hadi leo. Usiku maji hukusanywa kwenye bwawa dogo liitwalo nduwa, mchana hufunguliwa kwa zamu. Asiyefika siku ya kusafisha mfongo hutozwa faini.

Mfumo huu wote wa kihamba na mfongo sasa uko mashakani, na sababu zake ni za kawaida kabisa. Ardhi imegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi vihamba vingine havitoshi kulisha familia. Bei ya kahawa inayumba, na magonjwa ya mibuni, chulebuni na kutu ya majani, huongeza gharama za dawa. Vijana huhamia Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam, wanaobaki ni wazee wasioweza tena kuzibua mfongo. Mringaringa huuzwa mbao ili kulipa ada. Sioni wa kulaumiwa hapo. Mtu halindi urithi kwa njaa.

Majibu yanayofaa, kwa hiyo, ni yale yanayomwingizia mkulima fedha bila kuung'oa msitu wake. Kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI, kilichoko Lyamungo hapohapo mlimani, kimetoa aina za mibuni zinazostahimili magonjwa hayo mawili. Mradi wa FAO wa Shimbwe Juu ulilenga kahawa ya kilimo hai, vanila inayopanda kwenye miti iliyopo, ufugaji wa samaki wa trauti kwa maji ya mifereji, na ukarabati wa mifereji yenyewe. Ningeongeza utalii, lakini si ule wa kupita na gari. Mgeni atembezwe na mtu wa kijiji kwa kufuata mfongo kutoka kihambani hadi kwenye banio, ale mtori wa ndizi za mlimani, na ada yake iingie kwenye mfuko wa kamati ya mfongo, inunue saruji na kuwalipa vijana siku ya kuzibua.