UZI: Mvua ikikosa, nani "mvamizi"?

Kila mdahalo wa ukame au mafuriko hufika mahali pamoja. Mmoja anasema, "Hawa si watu wa hapa, ni wavamizi." Wa pili anajibu, "Wacha hizo, ni mabadiliko ya tabianchi." Makofi, kisha mada inabadilishwa. Nataka tukae hapo kidogo, maana majibu yote mawili yanamtoa mwenye mamlaka kwenye lawama.

Kwanza tuondoe akilini ile picha ya mashua ikielekea Ulaya. Wengi wanaohamishwa na hali ya hewa hawavuki hata mpaka wa nchi. Wanasogea kaunti jirani, wadi jirani, wakati mwingine kilima cha pili tu.

Chukua ukame ulioanza mwishoni mwa 2020. Misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo kaskazini na mashariki mwa Kenya. Zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa, na kufikia mwanzo wa 2023 watu karibu milioni 4.4 katika kaunti kame na nusu kame hawakuwa na chakula cha kutosha.

Sasa hapa ndipo wengi huteleza. Kwa mfugaji, kuhama si dalili ya kushindwa, ndiyo kazi yenyewe. Mvua ya huko hainyeshi kila mahali kwa wakati mmoja. Inanyesha hapa, inaruka pale. Anayefuata nyasi anapiga hesabu ileile aliyopiga babu yake. Shida huanza ukame mpya unapofika kabla mifugo haijapona ule wa awali, halafu njia za zamani za kupitia zimezibwa na ua, shamba, ranchi au hifadhi. Anafika kisimani kwa watu ambao hakuna aliyezungumza nao. Ongeza bunduki, ongeza wizi wa mifugo, ongeza mwanasiasa anayetaka kura za upande mmoja, basi una mapigano. Ukame wenyewe haujawahi kufyatua risasi hata moja.

Na si eti hakuna sheria. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kumpa mtu wa nje haki ya kulisha mifugo kwenye ardhi yao akiomba. Hata ng'ambo ya mpaka, mwaka wa 2019 Kenya na Uganda zilitia saini mapatano kule Moroto kuhusu amani na maendeleo kati ya Turkana, Pokot na Karamoja. Kwa hivyo aliyeingia na bunduki ni mhalifu, muite hivyo bila kupepesa macho. Aliyekuja na ng'ombe baada ya wazee kukubaliana ni mgeni aliyebisha hodi. Ukiwatia wote kapu moja umemsaidia yule wa bunduki kujificha.

Halafu kuna watu ambao mdahalo hauwaoni kabisa: wale wasiohama. Aliyepoteza mifugo yote hana cha kuhamisha wala nauli. Anabaki kandokando ya mji akisubiri msaada. Ukihesabu waliohama pekee, aliyeumia zaidi hayumo.

Tugeuze upande wa pili, maji mengi. Maziwa ya Bonde la Ufa, kuanzia Turkana, Baringo na Bogoria hadi Nakuru na Naivasha, yalianza kupanda miaka ya 2010 na kufura vibaya 2020. Timu ya serikali ilihesabu zaidi ya familia 75,000 zilizoathirika. Baringo yalimeza shule, zahanati, hoteli na mashamba. Mtu wa Kampi ya Samaki hakuhama, ni ziwa lililohamia kwake. Kama alikuwa na hatimiliki bado inasema shamba ni lake, ila wanaolima sasa ni samaki. Baadhi ya wakazi wa Baringo waliishia kwenda kortini kuishtaki serikali.

Ukisema "mkimbizi wa ndani" hapa Kenya, kila mtu anawaza 2007/08. Lakini sheria ya mwaka 2012 ya kuwalinda wakimbizi wa ndani inawataja wazi pia wanaohamishwa na majanga, yawe ya asili au ya kusababishwa na binadamu. Yaani mtu wa ziwani yumo. Aliyefukuzwa na mafuriko Tana River yumo. Wa Mathare ambaye maji yalibeba nyumba yake 2024 yumo pia. Si hisani anayoomba.

Sheria hiyo inataja njia tatu za kumaliza jambo: kurudi kwenu, kukaa pale ulipokimbilia, au kuhamishiwa mahali pengine. Kurudi hakuwezekani ziwa likiwa juu ya boma. Zinabaki mbili, na zote zinataka ardhi. Kwa maoni yangu hapa ndipo siasa yote ilipo. Ukiwapa watu elfu tano makao ya kudumu katika wadi nyingine, umebadilisha hesabu ya kura huko na umepunguza wapiga kura walikotoka. Hakuna kiongozi wa pande hizo mbili anayefurahia hilo. Ndiyo maana tunaona blanketi na unga mwaka baada ya mwaka. Unga hauhamishi kura.

Kwa hivyo mgombea akitamka "tabianchi" jukwaani, usimzomee, pengine anasema kweli. Muulize tu: familia ngapi, ardhi ipi, pesa za bajeti ya mwaka gani? Na wale wenyeji watakaowapokea, wameulizwa au watajua siku lori zikifika?

Uzi ujao ni wa mipaka ya maeneobunge, kwa sababu najua mtaniuliza.