Kulia si kukosa imani

Huenda wewe ni mtu wa Bwiza. Kama ulitoka mwezi Machi 1995, wakati mauaji ya Bwiza na Buyenzi yalipowasukuma maelfu kuelekea Uvira, au kama ulitoka 2015, hali hii unaijua: mchana unapanga foleni ya mgao, usiku usingizi hauji. Kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, hasira inakupanda kwa jambo dogo. Ukipimwa malaria, haionekani.

Hayo ni mawazo mengi yaliyoingia mwilini. Si wazimu, wala si dalili kwamba imani imepungua. Baadhi ya Waislamu huona haya kuyasema, kwa kuwa wameambiwa muumini hahuzuniki. Aliyewaambia hivyo hakusoma vizuri. Nabii Yakubu alimlilia Yusufu mpaka macho yake yakawa meupe. Mtume Muhammad (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Mwaka aliofiwa na mkewe Khadija na ami yake Abu Talib unaitwa mpaka leo Mwaka wa Huzuni. Na ukimbizi? Masahaba wake walivuka bahari karibu mwaka 615, wakapewa hifadhi na Najashi, mfalme Mkristo wa Uhabeshi, huku huku Afrika yetu.

Basi tumia ulichonacho. Swala tano huipa siku mpangilio, na kambini siku isiyo na mpangilio huchosha sana akili. Fatuma, binti Mtume, alilalamika kwamba mikono imeumia kwa kusaga nafaka. Akina mama wa hapa wanamwelewa! Baba yake alimfundisha kusoma kabla ya kulala: Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34. Zisome polepole, ukivuta pumzi taratibu. Pumzi ikitulia, na moyo hutulia. Nenda msikitini hata kama ni wa turubai, na mama asiyekwenda awe na wenzake wa darsa. Ukikaa peke yako nyumbani mchana kutwa, mawazo huzidi.

Lakini dua na dawa hazigombani. Anayekunywa dawa za kifafa au za akili asiziache kwa sababu ameanza kusomewa. Msimfunge kamba mgonjwa mkisema ana mapepo. Ramadhani ikifika, mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Akitaka kufunga, amwone kwanza mhudumu wa afya, asijibadilishie saa za dawa mwenyewe.

Kama hali hiyo imepita wiki mbili na hata kazi za nyumbani zimekushinda, njoo kituo cha afya. Na mtu akisema afadhali afe, msidhani anatania. Msimwache peke yake, mleteni siku hiyo hiyo. Ukiona haya, mwombe imamu au jirani akusindikize. Ukifika, usiseme kichwa tu. Mweleze mhudumu hata yale uliyoyaona Bwiza.