Kumbukumbu Zisipotee kwa Sababu ya Waya

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ina uzito wa pekee huko Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro, ambako makazi ya wakimbizi yalifunguliwa mwaka 1958. Mtu aliyekimbia vita aghalabu hana cheti cha kuzaliwa wala hati ya shamba. Jina lake lililomo katika kumbukumbu ndilo shahidi wake. Ndiyo maana mwaka 2018 Serikali ya Uganda, pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, ilihakiki wakimbizi nchini kote kwa alama za vidole na mboni za macho.

Siku hizi daftari ni diski ya kompyuta, na diski nayo huzeeka. Si ajabu kukuta kabatini, ofisini Nakivale au kituoni Mbarara, kompyuta chakavu yenye majina, mashauri na orodha za miaka 15 au 20 iliyopita. Kompyuta hiyo ikikataa kuwaka, karani huifungua, huitoa diski, kisha hukuta kwamba haiingii katika kompyuta mpya. Hapo ndipo husemwa, "Imekufa, itupwe." Hukumu hiyo mara nyingi si ya haki. Diski ni nzima. Kilichokosekana ni kiunganishi.

Diski za zamani zilitumia mtindo uitwao IDE, ulioanza mwaka 1986. Utautambua kwa waya wake bapa na mpana, na kwa pini 40 zilizopangwa katika safu mbili. Waya mmoja huweza kubeba diski mbili, lakini lazima moja iwekwe kuwa mkuu na ya pili kuwa msaidizi, kwa kuhamisha kiziba kidogo kilicho nyuma ya diski. Askari ataelewa upesi: makamanda wawili wakitoa amri kwa mkupuo katika kikosi kimoja, hakuna atakayetiiwa. Zote mbili zikiwekwa kuwa mkuu, kompyuta huweza isione hata moja.

Mwaka 2003 zilianza kuuzwa diski za mtindo mpya, SATA, zenye waya mwembamba wa pini 7. Kila diski ina waya wake, kwa hiyo hakuna tena mkuu wala msaidizi. IDE na SATA haziingiliani bila kifaa cha kati cha kugeuza, na hata plagi za umeme ni tofauti. Lakini SATA zenyewe kwa zenyewe hupatana: diski mpya ikitiwa katika kompyuta ya SATA ya zamani, kwa kawaida hufanya kazi kwa mwendo wa ile ya zamani.

Je, kasi zinatofautianaje? IDE ilipanda hatua kwa hatua hadi megabaiti 33 kwa sekunde, kisha 66, 100, na mwisho 133. SATA ilianza na 150, ikaenda 300, kisha 600. Tarakimu hizi, hata hivyo, ni upana wa barabara, si mwendo wa lori. Diski nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazikufikia hata megabaiti 100 kwa sekunde. Ukiiunganisha diski hiyo na njia ya SATA ya 600, haitakimbia zaidi.

Barabara nyembamba, kwa upande wake, huchelewesha kweli. Kunakili gigabaiti 40 kwa njia ya USB ya kwanza huchukua zaidi ya saa 7. Kwa USB 2.0, ambayo kwa kawaida hupitisha kama megabaiti 30 kwa sekunde, kazi hiyo humalizika chini ya nusu saa.

Yapo pia mambo ya tahadhari. Kwanza, zima umeme kabla ya kuchomeka au kuchomoa diski ya IDE. Pili, kompyuta za zamani sana hazihesabu zaidi ya gigabaiti 137. Zikilazimishwa kuandika katika diski kubwa kuliko hiyo, huweza kuharibu yaliyomo. Tatu, na hili lawahusu hasa polisi, diski iliyo kielelezo cha kesi isichomekwe ovyo. Kompyuta huiandika diski hata bila kuamriwa. Itumike zana ya kuzuia kuandika, ifanywe nakala, na uchunguzi ufanyike katika nakala. Sheria ya Miamala ya Elektroniki ya mwaka 2011 huitaka mahakama ipime jinsi kumbukumbu ilivyotunzwa.

Ndugu wasikilizaji, askari hatupi silaha kwa sababu hakupata risasi zake siku moja. Vivyo hivyo, kabla ya kutupa diski, mtafute fundi mwenye kiunganishi kinachofaa. Huenda ndani yake limo jina la mama mmoja wa Nakivale, au ushahidi utakaomwachilia asiye na hatia.